Sufuria ya Mtu Mmoja

Nangila Wakhungu akila chakula cha mchana hufunga mlango. Si uchoyo. Anakula mkate na chai ya rangi, na hapendi kuonwa. Mimi nimemwona kwa sababu ni nesi wa kliniki yake, na nina tabia mbaya ya kufungua mlango kwanza na kubisha baadaye.

Watu wengi wanamjua mfamasia wa dirishani, yule anayekupa pakiti na kukuambia moja asubuhi, moja jioni. Nangila si huyo. Yeye huzunguka wodini pamoja na madaktari, akikagua dawa alizoandikiwa kila mgonjwa na kusema pale ambapo dawa mbili zinagombana au dozi imezidi nguvu za figo. Hospitali yetu hapa Kisumu inaye mmoja tu wa namna hiyo. Wenzake wa dirishani wanamwita "yule wa wodini". Madaktari wa wodini wanamwita "yule wa famasia". Chai ya saa nne ikifika, kila kundi linadhani ameshakunywa na lile lingine.

Alitoka Kimilili, Bungoma, kuja kufanya kazi hapa, akapanga nyumba Mamboleo karibu na makutano, pale ambapo malori na wachuuzi hawanyamazi. Aliniambia alipachagua kwa sababu ya kelele. Hakuolewa. Mama yake alipofariki, boma lilibaki kwa kaka yake Wafula, na mke wa Wafula akakigeuza chumba cha Nangila kuwa stoo ya mahindi. Siku hizi akienda nyumbani analala sebuleni, na asubuhi anakunja blanketi mapema asiwe njiani mwa watu. Mimi naishi Nyalenda na mume, watoto na mashemeji wawili, katika nyumba ambayo hata ukitaka kulia huna kona. Kwa hiyo nilikuwa namwonea wivu. Mfamasia naye hapa tunamwita daktari, na nilimwambia mara nyingi, "Daktari, wewe unaishi." Alikuwa akicheka tu.

Siku yake ilikuwa Jumanne. Jumanne tuna kliniki ya damu, ya watu wanaomeza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande mwilini na kumletea mtu kiharusi. Dawa hiyo ina masharti kama mama mkwe. Ikipungua, damu inaganda. Ikizidi, mtu anavuja damu kwenye ufizi, au ndani ya kichwa ambako huoni. Mboga za majani nazo zinaivuruga: ukila osuga, yaani mnavu, au mrenda kwa wingi, nguvu ya dawa inashuka; ukiacha mboga, inapanda. Ndiyo maana kila baada ya muda mfupi mimi nachoma kidole, mashine inatoa namba, ya juu kwa damu nyepesi, ya chini kwa damu nzito, na Nangila anapandisha au kushusha dozi. Kisha anamsogezea mgonjwa kiti na kumwuliza swali lile lile analomwuliza kila mtu: "Nyumbani unakula mboga gani?"

Mgonjwa wake wa moyoni alikuwa Mama Beldina Ooko wa Usenge. Alikuwa mjane, mwembamba, aliyeanika omena, dagaa wa ziwani, ufuoni miaka mingi mpaka ngozi ya mikono ikakauka nayo. Moyo wake ulikuwa ukidunda bila mpango, na namba zake zilikuwa zikirukaruka. Leo damu nyepesi ya kutisha, siku nyingine nzito. Kwa sababu hiyo Nangila alikuwa akimwita mara nyingi kuliko wengine wote, na Beldina hakukosa. Alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na katikati walipiga soga: mara kiboko aliyeingia shambani kwa pasta akala sukuma wiki, mara mke mwenzake wa zamani ambaye sasa ndiye rafiki yake mkubwa, mara kwaya iliyogawanyika kwa sababu ya kitambaa cha sare. Alimwita daktari "nyar Bungoma", binti wa Bungoma, na kila safari alimletea omena waliofungwa kwenye gazeti.

Nyinyi mngemwona Nangila siku hizo! Mlango wazi, sauti imepanda, kicheko mpaka kule maabara. Beldina akishaondoka, daktari wetu alirudi kwenye mnong'ono wake wa kawaida, na mlango ukafungwa.

Mapema mwaka huu famasia yetu ilianza kupata dawa mpya ya damu, isiyohitaji kupimwa kila mara wala kuogopa mboga. Si ya kila mtu. Mwenye vali ya chuma moyoni haruhusiwi. Nangila mwenyewe ndiye aliyeanza kuwabadilisha wagonjwa mmoja mmoja, na benchi letu likaanza kupwaya. Beldina alibaki kwenye wafarini. Sikuuliza. Nilidhani kuna jambo la kitabibu nisilolijua.

Kisha Jumanne moja Beldina alikuja na leso yenye madoa ya damu.

"Ni mswaki tu," alisema. "Hii meno ni ya zamani."

Namba ilikuwa juu mno. Nilimwona Nangila akibadilika rangi. Alimwambia aisimamishe dawa kwa siku mbili, akashusha dozi ya kuanzia hapo, akampa tarehe ya karibu zaidi. Alimsindikiza mpaka langoni, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mgonjwa mwingine.

Wiki iliyofuata ndiyo ya kongamano.

Kongamano la mwaka la wafamasia lilifanyika hapa hapa, kwenye hoteli iliyo kando ya ziwa. Kila mfamasia lazima akusanye pointi za masomo ndipo apewe leseni ya mwaka unaofuata, na njia rahisi ya kuzipata ni kukaa kwenye viti vile na kujizuia kusinzia. Anayetoa mada aliruhusiwa kuja na mgeni mmoja. Nangila alinipa kadi ya mgeni kama anayenirudishia kitu nilichosahau mezani kwake.

"Kama huna shughuli, Terry," alisema.

Nilikuwa na shughuli. Nilienda.

Asubuhi tulisikia habari za antibiotiki zilizoshindwa na vijidudu, kisha dozi za watoto njiti, kisha dawa za kifua kikuu zinavyogombana na za presha. Nilielewa nusu, nusu nyingine nilikuwa nikitazama viatu. Wafamasia wenyewe walikuwa wakiandika kwa bidii na kuchekeana kwa mafumbo ya kazi yao. Nangila alikaa karibu nami akitabasamu kila walipocheka, na nikajua kwamba anaisubiri mwaka mzima siku hii moja ya kuwa na watu ambao hawahitaji kuelezwa yeye ni nani.

Mada yake aliiita "Sufuria ya Mtu Mmoja". Alisimama, akaanza kwa mnong'ono wake wa kawaida, halafu sauti ya Jumanne ikamjia.

Alisema sisi hukosea tunapowaambia wagonjwa wa wafarini waache mboga. Heri wale kiasi kile kile kila siku, na dozi ifuate. "Lakini," alisema, "mtu anayeishi peke yake hawezi kula kiasi kile kile. Nani anachambua mrenda wa mtu mmoja? Nani anachemsha osuga na maziwa siku mbili ili ale peke yake? Sufuria ya mboga ni ya watu. Wajukuu wakija likizo, mama anapika, damu inakuwa nzito. Wakiondoka anarudia chai na mkate, dawa inapanda, ufizi unavuja."

Alionyesha ukutani mchoro wa namba za mama mmoja wa ufuoni. Hakumtaja jina. Nilimtambua kwa jinsi mstari ulivyokuwa ukiruka.

"Tunadhani tunapima damu," alisema. "Hapa tunaona ni lini nyumba ilikuwa na watu na ni lini haikuwa nao."

Ukumbi ulipiga makofi, si yale ya adabu. Mwanamke mmoja mbele yetu alifuta macho. Mimi nilipiga makofi pia, lakini kuna neno lilinikwaruza. Mkate? Usenge, kwenye ugali na samaki, ni mama gani anashinda na mkate?

Aliyefuata alikuwa kijana mmoja kutoka Eldoret, Fabian, na mada yake ilikuwa ile dawa mpya. Alizungumza vizuri, bila madaha. Mwishoni, wote wawili waliitwa mbele kujibu maswali, na Fabian mwenyewe akainua mkono.

"Daktari, mada yako imenigusa," alisema. "Nauliza tu ili nijifunze. Yule mama, vali zake zina shida?"

"Hapana," alisema Nangila.

"Figo?"

"Nzuri."

"Dawa mpya mnayo kwenu?"

"Tunayo."

"Sasa kwa nini bado yuko kwenye wafarini, na ufizi unavuja?"

Haikuwa dharau. Kijana alikuwa akisubiri kuandika jibu. Nangila alishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Hajawa tayari," alisema.

"Alikataa?"

"Sijamwuliza," alisema Nangila.

Mwenyekiti, Mungu ambariki, akatangaza chakula.

Tulipewa samaki asiye na kichwa wala mfupa. Kisumu! Ningekuwa na nafasi ningelalamika. Wafamasia walijaza meza kwa makundi, Eldoret na Eldoret, Nakuru na Nakuru. Nangila alichagua meza ya ukutani, na aliyepita alimpa tabasamu la mbali.

"Nilikuwa najua, Terry," aliniambia.

"Ulijua nini?"

"Kwamba anafaa kubadilishwa. Nimejua tangu dawa ilipoingia. Nilijiambia yule mama yuko peke yake kule, kliniki ndiyo matembezi yake. Nikimbadilisha nitamnyima watu. Kila Jumanne najiambia nitamwambia ijayo." Alikuwa akichambua samaki yule kwa uma, akitafuta mifupa ambayo haikuwepo. "Angeweza kuvuja damu kichwani. Angekufa, kwa sababu ya stori zetu."

Nilimkasirikia. Nasema wazi, nilikasirika mpaka masikio yakapata moto, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikichoma kile kidole. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Kisha nikamtazama na ile kadi yake ya jina shingoni, akiendelea kutafuta mifupa, nikayameza pamoja na wali.

Jumanne, Beldina alifika wa kwanza kama kawaida, gazeti la omena kwapani. Nilichoma kidole. Nangila hakungoja hata namba.

"Mama, kaa. Iko dawa mpya ya damu," alisema. "Ukianza hiyo hutapimwa hivi tena. Mboga utakula vile unataka. Na utakuwa unaichukua Bondo, karibu na kwako."

"Na hapa?"

"Hapa hutahitaji kuja."

Nilisubiri uso wa yule mama uanguke. Nangila alikuwa ameshaandaa mkono wa kumshika.

Beldina alipiga makofi. "Ero kamano, Nyasaye!" Alimshukuru Mungu kwa Dholuo, kisha kwa Kiswahili, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Wuololo! Hiyo barabara ilikuwa inanimaliza mgongo. Nimetoka nyumbani jogoo hajaamka, narudi jua imeisha."

"Hukuwa unapenda kuja?" Nangila aliuliza polepole.

"Nani anapenda hospitali, nyathina, mwanangu? Bondo walianza kupima hii damu kitambo. Sista wa huko ananiuliza, mama, mbona unajisumbua mpaka Kisumu? Nikamwambia, iko mtoto mmoja kule anakula mkate peke yake, na mlango amefunga. Nilimwona ile siku ya kwanza. Hana mama, hana bwana. Nikiacha kuenda, ataongea na nani?"

Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayeeleza kwa nini alipitia sokoni. Mimi niligeukia mashine, ingawa mashine ilikuwa imeshamaliza.

Nangila aliuliza la kazi. "Lakini nyumbani, wajukuu wakiondoka, huwa unapika mboga kweli?"

"Wajukuu gani wanaondoka? Kwangu watu hawakosi! Mke mwenzangu anakula kwangu, watoto wa jirani wanakula kwangu, mpaka pasta tangu kiboko imalize sukuma yake. Sufuria yangu inashikwa na watu wawili."

"Sasa mbona damu yako inaruka, Mama?"

Beldina aliona haya kidogo. "Si ni wewe uliniambia mboga inasumbua dawa? Basi nikijua Jumanne nakuja kwako, kutoka Ijumaa mimi siguzi mboga. Ndio damu yangu ikufurahishe. Nisikuaibishe mbele ya madaktari. Sasa kukiwa na matanga, hapo siwezi kuchagua, nakula vile wamepika, nakuja hivyo hivyo."

Basi. Jumanne zote zile tulikuwa tukipima damu iliyovalishwa nguo za Jumapili. Nangila aliona damu nyepesi, akashusha dozi. Mama akarudi nyumbani kwenye sufuria yake kubwa, damu ikawa nzito. Akaja kutoka matangani, namba ikawa chini, dozi ikapandishwa. Halafu akaacha mboga tena ili ampendeze daktari, na ufizi ukavuja. Upweke haukuwemo kabisa. Mchoro ule uliowatoa watu machozi hotelini haukuwa na nyumba tupu hata moja, isipokuwa ile ya Mamboleo.

Nangila alielewa. Nilimwona akielewa. Hakulia. Alimweleza Beldina taratibu jinsi ya kubadilisha: aache wafarini, apimwe Bondo, namba ikishuka panapofaa ndipo aanze mpya, asizimeze zote mbili kamwe. Alimrudishia maneno hayo mara kadhaa mpaka mama akayasema mwenyewe bila kukosea. Ilikuwa kazi safi.

Mlangoni Beldina alimpa omena wake. "Na wewe upike mboga, nyar Bungoma. Usikule mkate kama mtu wa jela. Pika sufuria kubwa, acha mlango wazi. Watu watakuja tu."

Alishuka ngazi kwa haraka, kama mtu mwenye afya.

Dawa mpya ilimfaa. Nesi wa Bondo, ambaye tulisoma naye, ananiambia mama yuko imara, ufizi umekauka, na anawachekesha wote foleni nzima. Mwezi uliopita alikuja Kisumu kwenye harusi ya mpwa wake, hapo Kondele, karibu kabisa na hospitali. Hakupita kwetu. Nangila alipata habari kwa mgonjwa mwingine wa Usenge.

"Vizuri," alisema. "Hospitali si mahali pa kupitia kama umepona."

Jumanne iliyopita tulikuwa na wagonjwa wawili tu. Nilipomaliza kufuta mashine, Nangila aliniambia, akinipa mgongo, kwamba alikuwa amepika. Alinunua osuga na mrenda pale makutano, akaazima sufuria kubwa kwa mwenye nyumba, akatia maziwa na kuchemsha taratibu, vile Beldina alivyokuwa akimweleza. Aliipika Jumamosi. Aliacha mlango wazi. Alichemsha tena Jumapili baada ya kanisa, na Jumatatu tena.

"Ikawaje?"

"Mtoto wa jirani alichungulia akitafuta mpira." Alicheka kidogo. "Leo asubuhi nimemwaga."

"Daktari! Si ungeniita?"

Aligeuka. "Ungekuja?"

"Ningekuja," nilisema, upesi mno. Jumamosi nilikuwa na nguo za watu saba za kufua, na Jumapili kuna chama cha akina mama. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua.

Alinitazama, uso umeanza kupata ile nuru ya Jumanne. Kisha akavuta kiti alichokuwa akikalia Beldina, akakisogeza karibu na meza yake, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa kidogo, Terry," alisema. "Nyumbani unakula mboga gani?"

Mkoba ulikuwa tayari begani, na watoto walikuwa wananingoja. Nilikaa. Nikaanza na kunde.